Hadithi Niliyoisimulia Nikiwa Eda

Jumanne, 15 Julai

Nimevipanga tena vile vitabu vya chini ya kitanda. Jana nilivipanga kwa rangi ya majalada, leo kwa unene. Hakuna kinene. Vyote ni vijitabu vyembamba vya watu wasiojulikana na yeyote, waliokuja dukani kwa Idi na karatasi zao kwenye bahasha, wakitaka hadithi zao zipigwe chapa. Marehemu mume wangu alichapisha kadi za harusi, matangazo ya matanga na stakabadhi. Hizo zilimlisha. Hadithi alizipenda tu. Kila kijitabu alinibakizia nakala moja, akaniletea jioni pamoja na mkate. Soma, uniambie.

Sasa hayupo wa kumwambia, naiambia simu. Kila siku baada ya alasiri nawatumia kina mama wa mtaa sauti yangu kwenye kikundi chetu. Leo nawasifia hadithi hii, ya fulani. Kitabu chenyewe hawawezi kukipata, nakala ni hii moja, kwa hivyo naisimulia yote.

Leo ilikuwa ya mzee mmoja wa Ndithini. Punda wake kila asubuhi anaenda kuteka maji kwenye bwawa la mchanga lililokauka zamani. Mzee anajua limekauka. Anamfuata tu, kwa sababu anaona haya kumwambia punda kwamba mambo yamebadilika. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikaona aibu kucheka nikiwa na nguo nyeupe.

Ukungu ulikaa kwenye vilima vya Iveti hadi saa nne. Nauona dirishani. Mwanamke wa eda ana dirisha.

Alhamisi, 17 Julai

Zainabu amekuja na mahamri kama kawaida. Wifi yangu, dada pekee wa Idi. Ana hoteli ndogo karibu na msikiti, ploti chache kutoka hapa. Upepo ukigeuka nasikia harufu ya mafuta yake. Anakuja kila asubuhi, anaketi kwenye mkeka, hasemi mengi. Hasomi kitu. Anasema herufi zinamsinzisha. Lakini leo amesikiliza klipu ya punda mara mbili.

Nampenda Zainabu. Niandike hapa maana mdomoni hainitoki. Mimi ni Mkamba wa Mwala, nilizaliwa Ndinda, nikasilimu nikawa Halima, nikaolewa na watu ambao babu zao walitoka pwani. Miaka yote hii wapo wanaongoja niteleze. Zainabu hakuwahi kungoja. Ndiye aliyenifundisha kutawadha, akinicheka jinsi nilivyomwaga maji kama ninayeosha sufuria. Rehema, mwanangu, yuko kazini Mombasa, anapiga simu Ijumaa. Kwa siku zingine zote nina Zainabu.

Hadithi ya leo: kinyozi anamnyoa mwanamume aliyemnyang'anya mchumba. Kurasa tatu. Wembe shingoni, na hakuna kinachotokea. Anamaliza, anampangusa, anamwambia karibu tena. Imeandikwa na kijana wa Syokimau aliyechukua nakala zake akapotea. Ningemjua ningempikia.

Jumapili, 20 Julai

Leo nimewapa ile niipendayo kuliko zote. "Chai Imepoa." Ya mama mmoja wa Kola anayeitwa Kalondu. Idi aliichapisha mwaka juzi.

Anayesimulia ni mwanamke wa makamo. Mumewe mgonjwa yuko chumba cha ndani. Yeye yuko jikoni na kikombe chake. Tangu aolewe hajawahi kunywa chai ikiwa moto, kila akiketi anaitwa. Siku hiyo anaitwa tena. Anasema, leo nitamaliza kwanza. Anamaliza. Anasuuza kikombe. Akiingia ndani, mume ameshakata roho. Basi anammiminia chai yake, anaiweka kando ya kitanda, anaketi kuingoja ipoe, kwa sababu mumewe hakupenda chai ya moto.

Niliisimulia vile ilivyoandikwa. Nilisikia akiniita. Nikamaliza chai yangu kwanza. Sauti ilinitetemeka mwishoni, nikaiacha hivyo hivyo. Kidole kiliteleza mara moja mwanzoni, ikabidi niitume vipande viwili, kimoja cha kumtaja mwandishi na kingine cha hadithi. Si kitu.

Nimeridhika na leo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumanne, 22 Julai

Zainabu hakuja jana wala leo. Labda wateja ni wengi, labda mafua. Nimempigia, haishikwi.

Kikundini pia kimya. Hakuna hata kidole gumba. Kawaida yupo wa kusema ahsante.

Nimekunywa chai na muthokoi wa jana, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Ukuta huu una ufa unaoanzia kwenye swichi na kuishia juu ya mlango. Sikuwahi kuuona kabla ya eda. Sasa naujua kama uso wa mtu.

Jumatano, 23 Julai

Nimejua.

Mama Mutua, jirani wa ploti, ni mtu wa kanisani, hana habari na mambo ya eda zaidi ya kunitekea maji. Ameingia na mtungi, akafunga mlango, hakuketi.

"Mama Rehema, hiyo klipu yako iko kila mahali. Watu wanasema ulimuacha mzee akufe ukikunywa chai."

Nilidhani ni utani. Akanichezea kwenye simu yake, ametumiwa na mtu wa soko. Sauti yangu. Nilisikia akiniita. Nikamaliza chai yangu kwanza. Kipande cha pili peke yake. Cha kwanza, chenye jina la Kalondu na jina la hadithi, hakuna aliyekipitisha. Nani apitishe jina la mtu asiyemjua?

"Aiya, na vile ulikuwa unalia huko mwisho," akasema Mama Mutua. "Hata mimi niliamini kidogo."

Hata yeye. Aliyesikia kilio changu siku ile na kuwa wa kwanza kuingia.

Sijaweza kula.

Ijumaa, 25 Julai

Nimejieleza kikundini. Nimeandika, nimesema, nimepiga picha jalada na ukurasa wa kwanza, nikatuma. Hii ni hadithi. Ina mwandishi. Anaishi Kola.

Majibu: Kola wapi? Kalondu yupi? Mbona hatujawahi kumsikia? Na mmoja, simtaji, ameandika kwamba mume wangu alikuwa na mashine ya kupiga chapa, na mashine bado ipo, kwa hivyo ukurasa ni kitu gani.

Nina hasira ya kuvunja sahani. Ningesimulia hadithi ya kitabu cha shuleni, kila mtoto wa mtaa huu angeniambia mwisho wake kabla sijafika katikati. Lakini nimechagua wasiojulikana, naringa nao kama kuku mwenye yai. Sasa kutojulikana kwao kumekuwa ushahidi dhidi yangu. Hadithi ambayo hakuna aliyeisoma, kwa watu si hadithi. Ni habari.

Rehema amepiga. Amelia. Amesema nisitume kitu tena, Mama, tafadhali. Hakuuliza kama ni kweli. Lakini alinyamaza kidogo mahali ambapo angeweza kuuliza, nami nikamsikia akinyamaza.

Jumatatu, 28 Julai

Wamekuja kina mama watatu wa msikitini. Wazuri wote, walininawisha mikono siku ya msiba. Wameketi kwenye mkeka wa Zainabu. Mmoja alianza na lisemwalo lipo. Sikumngoja alimalize.

Nikawaeleza. Ilikuwa alasiri. Idi alikuwa ameketi kitandani, anataka kurudi dukani. Alipiga simu, haikushikwa, akaiweka akacheka. Akasema, huyu bado amenuna. Sikumuuliza nani. Akainama kufunga kamba za viatu, pumzi ikamkatika kidogo, nikapiga magoti nimsaidie kiatu cha kushoto. Akaniegemea begani kwa uzito wake wote. Nilidhani ananitania. Nikamwambia, wee mzee, inuka, unaniumiza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kuyasikia kutoka kwangu. Hakuniita. Hakuwa na haja ya kuniita, nilikuwa chini yake.

Walisikiliza. Wawili walifuta macho. Yule wa kwanza akauliza kama kulikuwa na mtu mwingine chumbani.

Hakuna. Nilikuwa mimi na yeye na viatu.

Wakiondoka wakaniambia jambo walilokuja nalo tangu mwanzo. Zainabu amesema hakanyagi tena hapa. Na nikitoka eda, nisiende kwake.

Jumanne, 29 Julai

Harufu ya mahamri tangu alfajiri. Upepo umegeuka makusudi.

Alhamisi, 31 Julai

Leo nimevaa buibui langu. Nimevaa viatu. Nimeweka mkono kwenye komeo.

Kutoka mlango huu hadi kwa Zainabu ni mwendo wa kumaliza kutafuna pipi. Ningeingia, ningesimama mbele ya karai lake, ningemwambia usoni, nitazame, unanijua. Basi. Hata asiponijibu.

Lakini nikitoka nimevunja eda, na wanaongoja hilo. Watasema, mtazameni yule Mkamba wa Mwala, hata eda ya mumewe imemshinda, mtashangaa nini tena. Nikikaa ndani wanasema kimya chake ni jibu. Nikisema, natunga. Nikilia, najutia. Kila mlango nilio nao unafungukia chumba hiki hiki.

Nilisimama pale mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha nikavua viatu.

Sikukaa kwa sababu ya watu. Nataka hili liwe wazi hapa, maana kwingine hakuna atakayeniamini. Eda ni ya Idi. Ni kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia kikakamilika. Lakini leo niliichukia, na nikamchukia kidogo na yeye kwa kwenda bila shahidi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 2 Agosti

Nyuma ya kijitabu kuna namba ya simu. Idi aliwawekea wote, akiamini ipo siku msomaji atapiga. Nimepiga mimi.

Kalondu ameshika mara ya kwanza. Nilipomwambia ni mke wa mpiga chapa, akafurahi. Nilipomwambia mengine, akacheka kwa uchungu.

"Mama, hata mimi waliniita kanisani. Wakaniuliza, kwani unataka bwana yako akufe? Na yeye ako tu hapa, anamwagilia nyanya."

Mume yuko hai. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiri hivyo. Miaka miwili nimemwombolezea mwanamume anayemwagilia nyanya Kola.

Amesema watakuja. Wote wawili. "Wamuone, waache kusumbua watu."

Jumatano, 6 Agosti

Wamekuja. Kalondu ni mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Ameleta nyanya nusu gunia. Mumewe hakuingia, mimi niko eda naye si maharimu. Akasimama nje ya geti na kofia yake mkononi, na kila aliyepita Kalondu akamtangazia kutoka dirishani kwangu: "Huyo ndiye marehemu! Msalimieni!" Watu wakamsalimia. Akajibu mzima, mzima, akionea haya.

Kufikia magharibi mtaa mzima ulishajua. Kikundi kimefunguka kama bomba. Samahani Mama Rehema. Pole dadangu. Watu wana midomo. Yule wa mashine ya kupiga chapa ameweka maua. Na wameniomba nyingine, tafadhali, ya kuchekesha.

Kwa hivyo limeisha. Nimeaminiwa na kila mtu ambaye simhitaji.

Zainabu yuko kwenye kikundi hicho. Ameona yote. Kalondu na mumewe walipita hotelini kwake wakanywa chai, wakamweleza. Amewahudumia vizuri, wakasema. Hakutaka wamlipe.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuja. Sasa siwezi kujidanganya kwamba ni klipu. Kuna kitu anachoamini ambacho mume wa Kalondu hawezi kukifuta kwa kusimama getini.

Labda alinichoka zamani, akapata sababu. Labda wote walikuwa wakingoja niteleze, naye pia, ila alingoja kwa upole. Wazo baya. Nimelala nalo mchana kutwa.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja saa tano, hoteli imefungwa siku ya Jumapili mchana, nikajua amefunga kwa ajili ya hili. Hakuja na mahamri. Mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Hakusalimia. Akasema, "Nisomee hiyo hadithi. Kwenye kitabu. Usinisimulie, soma."

Nikasoma. Neno kwa neno, polepole, kidole kwenye mstari aone kwamba sitoi kichwani. Nilipofika pale, nilisikia akiniita, nikamaliza chai yangu kwanza, Zainabu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikaacha kusoma.

Ilikuwa yeye. Simu ile ya mwisho Idi alimpigia Zainabu, naye hakuishika.

Walikuwa wamegombana, Idi alimkemea mbele ya wateja juu ya mwanawe kuacha shule. Siku ile akaona jina la kaka yake kwenye simu. Akasema, alie kidogo. Akamaliza kukaanga karai lake kwanza. Akanawa mikono. Alipompigia tena, simu ilishikwa na Mama Mutua.

Hajamwambia mtu. Siku zote zile za mahamri alikuja kuniambia, akashindwa. Kisha akasikia klipu. Akafikiri nimejua, kwamba nimeigeuza aibu yake kuwa hadithi na kuitangaza mtaani, chai badala ya mahamri. Baadaye akasikia wengine wakidai ni mimi ninayejisimulia, na akaacha waseme. Hilo ndilo lililomfungia mlango wangu. "Niliona afadhali wewe kuliko mimi, Halima. Niliwaacha. Halafu wale kina mama wakasema umewaambia juu ya simu, na hukunitaja. Nikasema anajua, na ananificha."

Sikujua. Nikamwambia hivyo. Wallahi, sikujua.

Akaniuliza Idi alikuwa anapiga kusema nini.

Hapa ndipo ningeweza kutunga. Nina hadithi nyingi chini ya kitanda. Ningemwambia alitaka kukuomba radhi, alisema anakupenda, alitaka mahamri ya iliki. Mdomo ulishafunguka. Lakini tumetoka tu kwenye mwezi mzima wa kitu kisichokuwa kweli, na yeye ndiye mtu mmoja nisiyetaka kumpa hadithi.

Sijui alitaka nini, nikasema. Najua alichofanya simu ilipokosa kushikwa. Aliiweka simu, akasema huyu bado amenuna, akacheka.

"Alicheka?"

Alicheka, vile anavyokucheka wewe. Mabega kwanza.

Zainabu akalia na kucheka pamoja. Alijua mabega hayo kabla yangu.

Nina hasira naye pia. Niandike na hilo. Aliniacha niliwe na watu akikaanga. Haijaisha leo wala haitaisha kesho. Lakini alipoinuka nilimshika mkono, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuuachia.

Kitabu ameondoka nacho. Hasomi, lakini amekitaka.

Jumanne, 19 Agosti

Mahamri yamerudi. Leo yamekuja na swali: kwa nini yule mke alisuuza kikombe kabla ya kuingia ndani? Zainabu anasoma ukurasa mmoja kwa siku, anafuata kwa kidole chenye unga. Tumebishana juu ya kikombe hadi adhana. Yeye anasema alikuwa anachelewesha kujua. Mimi miaka miwili nilidhani ni usafi.

Hasira ipo, imeketi kwenye mkeka pamoja nasi. Tunaimiminia chai na yeye.

Kikundini bado sijatuma kitu. Wanaulizia. Nitawatumia ile ya punda tena, jina la mwandishi mwanzoni, katikati na mwishoni.

Jumanne, 16 Septemba

Eda imekwisha jana. Nimeoga, nimevaa kitenge cha kijani. Mama Mutua alinipigia vigelegele, sijui alifundishwa na nani kwamba ni mahali pake, nikamwacha.

Nilitembea polepole. Vumbi, jua, pikipiki za Mwala zikishusha watu na kuku. Nilidhani nitataka kwenda mbali. Nilikwenda ploti chache.

Kitabu kiko mezani kwa Zainabu, kando ya kopo la sukari. Jalada lina alama za vidole, na ukurasa mmoja umelowa mafuta hadi unapitisha mwanga. Dereva mmoja wa lori alikuwa anasubiri viazi. Zainabu alimsukumia. Soma hii, akamwambia, ni ya mama wa Kola, anaitwa Kalondu, bwana yake yuko hai. Alisema yote hayo kabla mtu hajafungua.

Kisha akafunika karai, akazima jiko, akaketi nami. Mteja akaita kutoka nje. Akaita tena. Zainabu akamtazama, akanitazama, akamimina vikombe viwili.

Tulikunywa ikiwa moto.